Mgodi wa Copper Queen, Bisbee: maswali mnayoniuliza mara kwa mara

Wageni wanaofika Tucson huuliza waende wapi wikendi, nami huwaambia waende Bisbee. Baada ya hapo maswali huanza: kwenye simu, kwenye kundi la WhatsApp, hata nje ya kanisa. Kwa kuwa ni yale yale, nimeyajibu hapa mara moja. Ya safari nimeyajibu kwa ufupi. Ya historia nimeyapa nafasi zaidi, maana naona watu wengi wanarudi na picha za kofia na mawe bila kujua ni nani aliyechimba lile handaki na alilipwa nini.

Bisbee iko wapi?

Kusini-mashariki mwa jimbo la Arizona, Marekani, ndani ya Milima ya Mule, karibu kilomita 150 kutoka Tucson na chini ya kilomita 20 kutoka mpaka wa Meksiko. Ni milima ya jangwa: mawe, miti ya mwaloni mifupi, miiba, na mabonde yanayokauka miezi mingi halafu kufurika kwa saa moja mvua za Julai na Agosti zikipiga. Mji umejibana ndani ya korongo, nyumba zimepanda kilimani, na ngazi za saruji ndizo vichochoro vyake. Uko mita 1,680 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata kiangazi hautaungua kama Tucson.

Jina limetoka kwa DeWitt Bisbee, jaji wa San Francisco aliyeweka fedha zake katika mgodi huo. Mwenyewe hakuwahi kukanyaga hapo.

Ni mgodi wa shaba au wa zinki? Kila mtu anasema lake.

Ni wa vyote, lakini shaba ndiyo mama. Kuanzia 1880 hadi 1975 migodi ya Bisbee ilitoa karibu tani milioni 3.6 za shaba. Pamoja nayo ilitoka zinki, zaidi ya tani 150,000, na risasi, ile metali nzito, karibu kiasi hicho hicho, na madini ya fedha, na zaidi ya wakia milioni 2.7 za dhahabu. Copper Queen ulikuwa mmoja tu wa migodi hiyo, ila ndio wa kwanza na ndio uliobaki wazi kwa wageni.

Zinki ilichelewa kuthaminiwa. Wachimbaji wa mwanzo walipokutana na sfaleraiti, yaani jiwe lenye zinki na salfa, waliliona kero. Tanuri za shaba haziwezi kuikamata zinki: inachemka ikifika nyuzi 907 hivi za Selsiasi na kutoroka na moshi, halafu inaharibu uyeyushaji wa shaba yenyewe. Ilibidi kwanza dunia ijifunze kutenganisha madini kwa mapovu: jiwe linasagwa kuwa unga, linatiwa kwenye maji yenye kemikali, punje za zinki zinashika mapovu na kuelea, nyingine zinazama. Njia hiyo ilipokomaa, miamba iliyokuwa imeachwa ikawa mali.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Ganda la risasi ya bunduki ni brasi, shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30, na serikali ya Marekani ilianza kulipa nyongeza juu ya bei ya kawaida kwa migodi iliyozidisha uzalishaji wa shaba, risasi na zinki. Ndiyo sababu miaka ya 1940 ni miaka ya zinki huko Bisbee. Na kama hujawahi kujiuliza zinki inaenda wapi wakati wa amani, tazama juu ya nyumba ulikolelewa. Bati la nyumba yenu halishiki kutu upesi kwa sababu limepakwa zinki.

Nani aligundua madini hayo?

Mwaka 1877 kikosi kidogo cha jeshi kilipita milimani humo kikiwasaka Waapache, wenyeji wa nchi hiyo ambao walikuwa wakifukuzwa kwenye ardhi yao. Skauti mmoja, Jack Dunn, alikwenda kutafuta maji safi akaona dalili za madini kwenye mwamba. Yeye na wenzake waliandikisha dai la kwanza, yaani haki ya kuchimba madini kwenye kipande fulani cha ardhi. Kwa kuwa walikuwa kazini jeshini, walimpa mtafuta madini mmoja, George Warren, chakula na vifaa ili awatafutie madai mengine na kuwashirikisha. Warren alikwenda, akapata watu wengine, akaandikisha madai bila kumtaja Dunn.

Lakini naye hakufaidi. Alikuwa mnywaji, na siku moja aliweka hisa yake ya dai la Copper Queen dau, akidai anaweza kumshinda mbio mtu aliyepanda farasi. Akashindwa. Hisa ile baadaye ilikuwa na thamani ya mamilioni ya dola, na Warren alikufa maskini mwaka 1893. Ukitazama muhuri rasmi wa jimbo la Arizona utaona mchimbaji amesimama na koleo lake. Huyo ni Warren, amechorwa kutokana na picha aliyopigwa akiwa hai.

Kampuni kubwa iliingiaje?

Mwaka 1881 kampuni ya Phelps Dodge ya New York ilinunua dai jirani, liitwalo Atlanta, kwa dola 40,000, kwa ushauri wa James Douglas, msomi wa Kikanada aliyeijua shaba kuliko wengi wa wakati wake. Walichimba miaka mitatu bila kupata kitu cha maana. Mwaka 1884, fedha zikiwa ukingoni, walifikia mwamba tajiri, na Copper Queen nao wakaufikia mwamba huo huo kutoka upande wao. Badala ya kumalizana mahakamani, waliungana mwaka 1885. Mji wa Douglas, ambako tanuri zilihamishiwa mwanzoni mwa karne ya 20 baada ya Bisbee kulemewa na moshi, una jina la mtu huyo.

Mwamba wa kwanza ulikuwa na shaba asilimia 23 hivi. Leo kuna migodi mikubwa duniani inayofanya kazi na mwamba usiofika asilimia moja. Na wakati huo ndio kwanza umeme ulikuwa unaanza kusambazwa mijini, kila mtaa ukitaka nyaya. Hakuna aliyekosa mnunuzi.

Kwa nini mawe ya Bisbee yana rangi nzuri hivyo?

Milima hiyo ni tabaka za mawe ya chokaa yaliyotuama chini ya bahari ya kale. Mamilioni ya miaka baadaye mwamba ulioyeyuka ulipanda kutoka chini, ukaja na maji ya moto yaliyobeba shaba, zinki, risasi na salfa, na chokaa ikaliwa na kubadilishwa na madini hayo. Kisha maji ya mvua na hewa vikashuka kupitia nyufa na kuibadilisha tena ile shaba. Shaba ikikutana na maji na kaboni kutoka kwenye chokaa hugeuka malakaiti ya kijani au azuraiti ya buluu iliyokolea. Mahali pengine mwamba ulisinyaa na kuacha mapango yaliyojaa fuwele za kalsaiti zilizotiwa rangi na shaba.

Wachimbaji walikuwa wakivunja ukuta wanajikuta ndani ya chumba kinachong'aa pande zote. Kampuni ilitaka shaba, si mapambo, kwa hiyo mengi yalikwenda tanurini. Yaliyookolewa, wachimbaji waliyatoa ndani ya makopo yao ya chakula, na mengine yako katika majumba makubwa ya makumbusho. Jiwe moja la azuraiti na malakaiti kutoka Copper Queen, lenye uzito wa zaidi ya tani nne, lilioneshwa kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1893 na sasa liko New York. Wanaliita jiwe linaloimba, kwa sababu lilikuwa likitoa sauti unyevu wa hewa ulipobadilika.

Feruzi ya Bisbee, ile ya buluu nzito yenye mishipa ya kahawia, ni hadithi nyingine. Ilitoka zaidi kwenye shimo la wazi, na leo ni ghali. Ukiuziwa rahisi barabarani, usinunue.

Walichimbaje kabla ya mashine?

Kwa nyundo na chuma. Mmoja anashika chuma chenye ncha na kukizungusha kidogo baada ya kila pigo, mwenzake anapiga. Wote wawili wako gizani, taa ni mshumaa uliochomekwa ukutani kwa kishikio chenye msumari. Baadaye zilikuja taa za kabaidi za kuvaa kwenye kofia: tone la maji linaangukia kabaidi, gesi inatoka, inawaka. Taa za umeme zilifuata.

Kiongozi wa ziara huwa anasimama mbele ya ukuta wenye matundu na kueleza mpangilio wake. Hapo msikilize kwa makini, kwani ndipo ufundi ulipo. Matundu hayalipuliwi pamoja. Tambi za baruti hukatwa kwa urefu tofauti ili matundu ya katikati yatangulie na kuacha nafasi tupu. Yanayozunguka yanafuata, yanavunjia mwamba ndani ya nafasi hiyo. Ya chini kabisa hulipuka mwisho na kutupa kifusi nje, kirahisi kwa watu wa koleo. Mchimbaji aliyewasha tambi alihesabu milipuko akiwa ameshajificha mbali. Hesabu ikipungua, maana yake kuna baruti iliyobaki hai ndani ya mwamba, na zamu inayofuata lazima ijulishwe kabla mtu hajagusa ukuta.

Mahali mwamba ulipokuwa dhaifu waliweka magogo mazito katika fremu za mraba, moja juu ya nyingine, hadi chumba chote kilichochimbwa kikawa kimejaa mbao. Milima ya karibu ilikatwa miti kwa ajili hiyo na kwa ajili ya kuni, ndiyo sababu mafuriko yaliupiga mji mara kwa mara miaka ile. Njia zote za chini zikiunganishwa zinakadiriwa kuzidi kilomita 3,000.

Ni kweli nyumbu waliishi chini ya ardhi?

Kweli. Nyumbu, yaani yule mtoto wa punda na farasi, walivuta mabehewa ya mawe relini. Walikaa humo kwa muda mrefu, wakilishwa na kutibiwa huko huko. Wachimbaji wa zamani husimulia kwamba nyumbu alihesabu mlio wa vifungo vya mabehewa wakati wa kuunganishwa. Akizoea mabehewa manne, ukamfungia la tano, hasogei hata umpige. Lazima ulifungue.

Watu wengi walikufa?

Wengi. Walikufa kwa mwamba ulioporomoka, kwa baruti iliyochelewa, kwa kutumbukia kwenye shimo la wima. Hao ndio waliandikwa magazetini. Ambao hawakuandikwa ni wale waliouawa na vumbi. Mashine za kwanza za kutoboa kwa hewa zilitoboa kavu, na vumbi la mawe lenye silika liliingia mapafuni na kubaki humo. Mtu alifanya kazi miaka michache, akaanza kukohoa, akaachishwa, akafia nyumbani kwake. Wachimbaji wenyewe waliiita mashine hiyo mtengeneza wajane. Dawa ilikuwa kupitisha maji katikati ya chuma cha kutobolea ili vumbi ligeuke tope, na mashine za namna hiyo zilikuja baadaye.

Kuna jambo moja dogo la usalama ambalo bado utaliona. Kila mchimbaji alikuwa na vipande vya brasi vyenye namba yake. Akiingia alichukua kimoja, kingine kikabaki ubaoni. Mwisho wa zamu, namba isiyokuwa na mwenzake ubaoni ilikuwa mtu wa kutafutwa. Wageni nao hupewa kipande chao. Usikipoteze, na usikirudishe kwa haraka kabla hujakigeuza mkononi: ni shaba na zinki, vile vile viwili vilivyotolewa humo.

Nasikia kulikuwa na watu waliofukuzwa mji mzima. Ilikuwaje?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mgeni aulize, na nitalijibu kwa urefu.

Mwaka 1917 Marekani iliingia Vita Kuu ya Kwanza. Bei ya shaba ilikuwa juu, kampuni zilipata faida kubwa, na gharama za maisha za wachimbaji zilipanda kuliko mishahara yao. Bisbee wakati huo ilijiita kambi ya mzungu. Wachina hawakuruhusiwa kulala mjini. Wameksiko walinyimwa kazi za chini ya ardhi, ambazo ndizo zilizolipa vizuri, wakabakizwa juu kwa ujira mdogo. Waserbia, Wafini na wengine kutoka Ulaya ya mashariki waliingia chini lakini walidharauliwa.

Mwezi Juni chama cha wafanyakazi cha IWW kilipeleka madai kwa kampuni. Walitaka watu wawili kwenye kila mashine, usalama wakati wa kulipua, kukomeshwa kwa uchunguzi wa mwili uliotumiwa kuwabagua wafanyakazi, na ujira wa kudumu usiopandishwa na kushushwa na bei ya shaba, pamoja na nyongeza kwa wale wa juu, wengi wao Wameksiko. Kampuni zilikataa yote. Mgomo ukaanza tarehe 26 Juni. Magazeti yaliyokuwa upande wa kampuni yaliwaita wagomaji wasaliti na vibaraka wa Ujerumani.

Alfajiri ya tarehe 12 Julai, sherifu Harry Wheeler akiwa na raia karibu 2,000 aliowaapisha na kuwapa silaha, wamefunga vitambaa vyeupe mkononi, walipita nyumba kwa nyumba. Waliwatoa watu vitandani. Hawakuchukua wachimbaji tu. Walichukua pia wenye maduka na wapita njia walioonekana kuwaunga mkono. Watu wawili waliuawa asubuhi hiyo, mmoja wa kila upande. Waliokamatwa walitembezwa hadi uwanja wa besiboli wa Warren, na hapo wakaambiwa wachague: wakubali kurudi kazini na kuukana mgomo, au wapande treni. Wapo waliokubali. Waliobaki, karibu watu 1,200, walipakiwa kwenye mabehewa 23 ya mifugo, mengine yakiwa bado na mavi ya ng'ombe. Njia hiyo ya reli nayo ilikuwa chini ya Phelps Dodge. Simu na telegrafu zilizuiwa ili habari zisitoke.

Treni ilikwenda katika joto la Julai, maji yakiwa haba, hadi jimbo la New Mexico. Mji wa Columbus ulikataa kuwapokea, ikarudi nyuma na kuwaacha kituo kidogo cha Hermanas, jangwani. Jeshi ndilo lililokuja kuwachukua na kuwaweka kwenye mahema hadi Septemba. Huku Bisbee, walinzi waliwekwa kwenye njia zote, na aliyejaribu kurudi kwa mkewe na watoto wake alifukuzwa tena.

Tume iliyoundwa na Rais Woodrow Wilson ilichunguza na kutamka wazi kwamba kitendo kile hakikuwa na msingi wowote katika sheria. Baada ya hapo? Mashtaka ya serikali kuu yalitupwa, na Mahakama ya Juu mwaka 1920 ikasema ni jambo la jimbo. Jimbo lilimfikisha mtu mmoja mbele ya baraza la wazee wa mahakama, naye akaachiwa. Hakuna hata mmoja aliyeadhibiwa.

Wengi wa waliofukuzwa walikuwa wahamiaji, na Wameksiko walikuwa wengi kuliko taifa lolote jingine. Miongoni mwetu tuliofika Tucson kwa njia ya ukimbizi, wapo wanaojua kutolewa nyumbani alfajiri na watu wenye silaha ni nini. Ndiyo maana siwezi kumpeleka mtu Bisbee nikamwonesha mawe ya buluu peke yake. Uwanja wa Warren ulijengwa 1909, bado upo na bado unachezewa. Usiache kupita hapo.

Lile shimo kubwa kando ya barabara ni nini?

Ni Lavender Pit. Jina halina uhusiano na rangi ya zambarau iitwayo lavender kwa Kiingereza, ingawa kuta zake zina rangi kama hizo. Limepewa jina la Harrison Lavender, meneja wa Phelps Dodge aliyelipanga akafa kabla halijaanza kutoa shaba. Kazi ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili kuchota mwamba hafifu usiofaa kufuatwa kwa mahandaki. Lina kina cha zaidi ya mita 270 na limemeza mitaa mizima ya watu, ukiwemo sehemu kubwa ya mji wa Lowell. Uchimbaji wake ulikoma Desemba 1974.

Mgodi ulifungwa lini, na unaweza kufunguliwa tena?

Chini ya ardhi kazi ilikoma 1975. Mwamba mzuri ulikuwa umekwisha na bei haikutosha kulipia uliobaki. Mji ulibaki na nyumba tupu, watu wakauziana kwa bei ya bure, na wasanii wakahamia. Wachimbaji waliokosa kazi walijitolea kusafisha handaki la zamani, wakatoa vifusi na kubadilisha mbao, na ziara ikafunguliwa tarehe 1 Februari 1976 chini ya halmashauri ya mji. Kwa miaka mingi walioongoza wageni walikuwa wale wale waliochimba.

Eneo hilo sasa ni mali ya Freeport-McMoRan, iliyoinunua Phelps Dodge mwaka 2007. Hakuna uchimbaji unaoendelea.

Udongo na maji ya huko ni salama?

Kwa mgeni wa siku moja, ondoa shaka. Kwa wakazi lilikuwa jambo zito. Moshi wa tanuri na vifusi viliacha risasi na aseniki kwenye udongo wa baadhi ya nyua, na kampuni ililazimika kupima nyua hizo na kuondoa udongo mbaya na kuleta mwingine. Pia kuna salfati iliyoingia kwenye maji ya ardhini kutoka kwenye taka za mgodi, na inafuatiliwa. Mgodi ulifungwa nusu karne iliyopita na bado unadai.

Ziara yenyewe ikoje? Nivae nini?

Inachukua saa moja hivi. Mnavaa kofia ngumu, koti la kuakisi mwanga na taa, mnakaa kwenye kitreni kidogo mkiwa mmetanua miguu kama mtu aliyepanda baiskeli, halafu kinaingia mlimani karibu mita 450. Ndani ni nyuzi 8 za Selsiasi, masika na kiangazi. Chukua sweta zito, hata kama Tucson umeiacha ina nyuzi 40. Viatu viwe vya kufunika mguu, siyo ndala. Kuna ngazi ya kupanda kwenda kwenye chumba kilichochimbwa, na asiyetaka kupanda husubiri chini. Utaoneshwa pia choo cha magurudumu kilichokuwa kikisukumwa relini. Watoto hukipenda kuliko kitu kingine chochote.

Kata nafasi mapema, hasa Januari hadi Aprili. Watoto wadogo hawaruhusiwi, kwa hiyo uliza umri wakati wa kukata tiketi ili asije mmoja wenu akabaki nje na mtoto.

Mama mkwe wangu anaogopa sehemu zilizofungika. Aende?

Mwambie ukweli kabla hamjaondoka nyumbani: ni giza, ni pembamba mwanzoni, na treni haina dirisha. Kitreni husimama kidogo baada ya kuingia, na mwenye hofu huweza kurudishwa nje hapo. Akikataa kabisa, mpeleke kwenye jumba la makumbusho lililo katikati ya mji, katika jengo la 1897 lililokuwa ofisi kuu ya kampuni. Mimi huenda hapo hata nisipoingia mgodini.

Naruhusiwa kuokota jiwe?

Hapana. Si mgodini, si kwenye kuta za Lavender Pit. Ukitaka malakaiti, subiri maonyesho ya madini ya Tucson kila Januari na Februari. Mengi yanayouzwa humo yanatoka Katanga, kusini mwa Kongo, na utaweza kuelewana bei na muuzaji kwa Kiswahili.

Kwetu kuna mgodi wa namna hii?

Upo, na ni mkubwa zaidi kwa upande wa zinki: Kipushi, karibu kilomita 30 kutoka Lubumbashi, mpakani na Zambia. Hakuna jangwa huko, lakini yaliyomo ndani ya mwamba yanafanana. Shaba na zinki ziko pamoja ndani ya mawe ya chokaa na dolomiti, pamoja na jerimaniamu, metali adimu inayohitajika kwenye vifaa vya elektroniki. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, waliufungua 1924 kwa jina la Prince Léopold, Gécamines, kampuni ya serikali ya Kongo, wakaurithi, ukasimama 1993, maji yakaujaa, na mwaka 2024 ulianza tena kutoa zinki. Mzee mmoja aliyefanya kazi Kipushi alipoingia Copper Queen alimsahihisha kijana aliyekuwa ananitafsiria jina la kila chombo ukutani. Kama una mzazi aliyefanya kazi kwenye migodi ya Katanga, usimwache nyumbani. Mpeleke, na kiongozi atakapomaliza kueleza, mwombe mzazi naye aeleze.

Njiani kuna tatizo lolote?

Barabara ni nzuri, saa moja na nusu hadi mbili. Wakati wa kurudi kaskazini kuna kituo cha askari wa mpaka, na magari husimamishwa na watu kuulizwa uraia. Hili si la kukutisha, lakini kila mtu mzima ndani ya gari awe na makaratasi yake halisi, siyo picha kwenye simu. Mwenye kadi ya kijani aibebe. Ambaye kesi yake ya hifadhi bado inaendelea aongee na wakili wake kabla ya safari, na asipopata jibu, asubiri safari nyingine.